Mfuko, Gunia na Sufuria

Kwa miaka mingi nimesikia mashauri juu ya chakula cha mbwa, na karibu yote huanza na swali lilelile: kipi ni bora, na kipi ni nafuu? Swali hilo si baya. Kasoro yake ni kwamba humfikiria mnunuzi peke yake na kumsahau mlaji. Katika kurasa hizi chache nataka kuvipima vyakula vitatu ambavyo mtu wa Bariadi anaweza kumpa mbwa wake: cha mfuko wa dukani, cha gunia la mashudu, na cha sufuria ya nyumbani. Msomaji asinidhanie kuwa hakimu asiye na doa. Katika moja ya mashauri haya matatu, mshitakiwa ni mimi.

Tuanze na mfuko. Biashara ya chakula cha mbwa cha kiwandani ilianzia London katika miaka ya 1860, pale Mmarekani mmoja, James Spratt, alipoanza kuuza biskuti za mbwa. Inasimuliwa kwamba alipata wazo hilo baada ya kuwaona mbwa wa bandarini wakigombea biskuti ngumu za mabaharia. Naam, hata mfuko huu unaojivuna rafuni asili yake ni makombo.

Leo mfuko huo umepambwa kwa picha ya pande la nyama nyekundu na mbwa mwenye manyoya yanayong'aa. Mimi nasema picha isisomwe kabisa. Mnunuzi augeuze mfuko asome nyuma. Kwa kawaida vitu vilivyomo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Na mara nyingi kinachotangulia ni mahindi. Mahindi si dhambi. Mwaka 2013 watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Nature walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa Ulaya, ana nakala nyingi zaidi za jeni la kusagia wanga, kwa kuwa amekula pamoja na binadamu kwa maelfu ya miaka. Lakini kwa nini mtu wa Maswa anunue kwa bei ya nyama mahindi yaliyosafiri kutoka ng'ambo, naye anayo ghalani?

Hila nyingine ya maandishi hayo ni maji. Kopo la chakula laini likiandikwa protini asilimia 10, na mfuko mkavu ukiandikwa asilimia 22, mtu hudhani mfuko umeshinda. Sivyo. Kopo likiwa na maji asilimia 75, kilichobaki ni robo tu, na katika robo hiyo protini ni asilimia 40. Anayelinganisha vyakula hana budi kuyatoa maji kwanza. Kisha aangalie kama pameandikwa kwamba ni chakula kamili au ni nyongeza tu, na kama ni cha mbwa mzima au cha mtoto. Mwisho, bei aigawe kwa siku ambazo mfuko utalisha, asiigawe kwa kilo. Mfuko rahisi unaoliwa bakuli tatu kwa siku waweza kuwa ghali kuliko ule wa bei kubwa unaotosha kwa bakuli moja.

Hukumu yangu juu ya mfuko ni hii: si mbaya, una manufaa kwa mtu asiye na nafasi ya kupika, lakini kwa walio wengi huku kwetu bei yake haivumiliki.

Sasa gunia. Hapa ndipo ninaposimama kizimbani.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni mashuhuri kwa pamba, na panapochambuliwa pamba na kukamuliwa mafuta hapakosi mashudu. Nilikuwa na mbwa wa kahawia, jina lake Askari. Alilala mlangoni kwa zizi, na fisi walimfahamu. Siku moja muuzaji mmoja aliniambia kwamba mashudu ya pamba yana protini tele na bei yake ni ya kutupa. Nilijiona mjanja. Ng'ombe wangu walikuwa wakiyala na kunenepa; kwa nini Askari asile? Nikawa namchanganyia katika uji wa dona kila jioni.

Jirani yangu, mzee mfugaji ambaye hakwenda shule, alinikuta nikikoroga. Baada ya salamu aliniuliza, “Mwalimu, huyo naye anacheua?”

Nilicheka. Nilimjibu kwa hesabu za protini, naye akanyamaza kwa heshima, kama wazee wanyamazavyo mbele ya mtu aliyesoma.

Majuma yalipita. Askari akaanza kuchoka upesi, akawa anahema hata akiwa kivulini, na tumbo likajaa maji. Siku alipokufa fisi walilia karibu sana na boma. Bwana mifugo alipoeleza, nilitamani ardhi inimeze. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mzima, kwa matumbo yake na vijidudu vilivyomo, huweza kuifunga sumu hiyo isimdhuru kwa kiasi cha kawaida. Mbwa hana matumbo hayo, na sumu hujikusanya polepole mpaka inauumiza moyo. Mzee aliniuliza swali moja tu, nalo ndilo lililokuwa sahihi.

Watu husema rahisi ni ghali. Msemo huo hauniridhishi, kwa sababu unaitupia lawama bei. Mashudu hayakumuua Askari kwa kuwa yalikuwa rahisi. Yalimuua kwa kuwa yalikuwa chakula cha mnyama mwingine.

Hapo tunafika kwenye sufuria, ambayo wengi tunaiita makombo. Kaya nyingi humpa mbwa ugali uliobaki na maji yaliyooshea sufuria, kisha husema, “Mbwa ni mbwa tu, atajitafutia.” Unga wa mahindi una protini kama asilimia 9, na mbwa mzima huhitaji takribani asilimia 18. Kwa hiyo mbwa huyo hushiba bila kulishwa. Tumbo limejaa, mbavu zaonekana.

Dawa yake haiko mbali. Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Victoria, na dagaa wakavu hufika minadani kote mkoani. Dagaa mkavu ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, huleta chokaa pia. Chukua kilo 4 za dona na kilo 1 ya dagaa: unapata karibu asilimia 18, kiasi kilekile kinachotakiwa. Mbwa wa kilo 15 hutosheka na robo kilo hadi gramu 300 za mchanganyiko huo mkavu kwa siku, ukipikwa uive vizuri, bila vitunguu. Mtoto wa mbwa na jike anayenyonyesha waongezewe dagaa. Palipo na maboga au mchicha, kidogo kisikosekane.

Lakini sufuria nayo ina makosa yake, na sitayaficha. Dagaa wanaouzwa kwa ajili ya kuku mara nyingi wamejaa mchanga. Anayewanunua kwa bei ya chini hununua na ufuko, hivyo awaoshe na kuwapima upya. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengi huona “yanamfaa mbwa”, hubeba sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mbwa ni dhaifu mbele yake. Unga usiomfaa mtoto haumfai mbwa. Tena utumbo na mapafu kutoka machinjioni yasitupwe mabichi: huweza kumpa mbwa tegu mdogo ambaye mayai yake, yakimwingia mtu, huota uvimbe wa maji katika ini. Yachemshwe, ndipo yawe nyama nzuri ya bei ndogo.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo madogo katika nchi yenye shida nyingi. Nakubali shida ni nyingi. Ila mbwa aliyeambiwa ajitafutie hujitafutia kweli. Huenda kwenye mizoga, hukutana na fisi na bweha, kisha hurudi kulala karibu na watoto wetu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliwaua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, theluthi moja ya wote, na mbwa wa vijiji vya jirani wakashukiwa. Kichaa cha mbwa nacho hupita njia hizohizo. Chakula hakiwi badala ya chanjo, lakini mbwa aliyeshiba hubaki nyumbani, na siku ya chanjo hupatikana.

Kwa hiyo katika mashauri haya matatu naipa sufuria ushindi, kwa sharti kwamba anayepika ajue anampikia nani. Sasa nina mbwa mwingine. Jioni nikichekecha mchanga wa dagaa, yule mzee hupita na kusimama kidogo.

“Huyo hacheui, mzee,” namwambia kabla hajauliza.

Yeye huangalia sufuria, hutikisa kichwa kukubali, kisha huendelea na safari yake. Askari alistahili nimsikilize mzee huyo siku ya kwanza.