Redio ya Upande na Msikilizaji Wake

Wapendao utulivu husema kwamba redio ya kisiasa yenye kushika upande hupata wasikilizaji kwa kuwa ina hasira. Hukumu hiyo ina kweli ndani yake, lakini haitoshi. Hasira peke yake huchosha, na Rush Limbaugh wa Marekani alisikilizwa saa tatu kila siku ya kazi, tangu kipindi chake kilipoenea nchi nzima mwaka 1988 hata karibu na kufa kwake mwaka 2021. Hapana budi kuutazama usemi wenyewe.

Njia ilikuwa imefunguliwa mwaka 1987, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipoiondoa kanuni ya mwaka 1949 iliyovitaka vituo kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Lakini kuondolewa kwa kanuni hakumfanyi mtu akae kusikiliza. Limbaugh alisema kana kwamba anasema na mtu mmoja. Akamwingiza katika ugomvi, akampa wapinzani wa kuchekwa na majina ya kuwachekea. Wafuasi waliopiga simu walimwamkia kwa neno “ditto”, yaani “vivyo hivyo”, hata wakajulikana kwa neno hilo. Hivyo msikilizaji alikuwa na jina, na upande, na kazi ya kufanya.

Redio ya umma ya huko, NPR, iliyoanza kutangaza mwaka 1971, haikosi wasikilizaji wengi. Ila desturi ya taarifa tulivu ni kueleza kwamba huyu amesema hivi na yule amesema vile, kisha wakati umekwisha. Msikilizaji ameongezewa maarifa, wala hakuulizwa neno.

Wajuzi wa Kiswahili hawatalistaajabia jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19 washairi wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa mashairi makali, na kila mji ulikuwa na upande wake. Lakini katika majibizano yale mpinzani alijisemea kwa ulimi wake mwenyewe, na mwenye kumjibu alilazimika kuikabili hoja yake. Katika redio ya upande mpinzani husemewa na yule amchekaye. Na akithubutu kupiga simu, mwenye kipindi ndiye awezaye kuikata. Yaonekana kuwa ni mashindano, kumbe mshindani mmoja tu ndiye aliyemo uwanjani.

Kwa hiyo kasoro ya redio tulivu si utulivu wake, wala dawa yake si kuazima matusi. Kasoro ni kwamba imeyaacha majibizano yenyewe mikononi mwa wasiotaka kujibiwa. Ikiwaleta wapinzani wa kweli wakabishana kwa haki, na hukumu akaachiwa msikilizaji, itakuwa imempa kazi iliyo bora kuliko ile ya kuitikia “vivyo hivyo”.