Chokaa Ilibanduliwa kwa Nini?

Mlioufuatilia ukarabati wa ile nyumba ya wageni pale Mji Mkongwe mnajua nitaanzia wapi: siku chokaa ilipobanduliwa, kuta zikapigwa lipu ya saruji hadi darini. Paa halivuji tena na mifereji imenyooka, hapo nawapa mafundi haki yao. Saruji ndiyo iliyoiua kazi.

Ukuta wa matumbawe, kama wa nyumba hii, hunywa maji ya ardhini, chumvi ikiwamo, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji na juu yake rangi ya plastiki, maji hupanda yakitafuta pa kutokea, mpaka yafike kwenye ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta. Chumvi nayo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma nje.

Masika haya niligonga ukuta wa kichwani mwa kitanda, ukalia kama debe tupu. Rangi ilikuwa imefura malengelenge. Nilipotumbua moja ukamwagika unga mweupe. Msimamizi akasema, "Mzee wangu, saruji ndiyo imara." Imara kwa gati, si kwa nyumba hii.

Ukungu ulipotanda, wakaongeza kosa: madirisha yakafungwa vioo, kikaletwa kiyoyozi kikubwa kuliko chumba. Ugomvi wangu na mashine hizi ni wa zamani. Hupoza upesi, zikazima kabla hazijakausha hewa. Na hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Kila mlango ukifunguliwa, ukuta uliopoa unatoka jasho. Unyevu wa ndani unatakiwa usizidi asilimia 60. Na tangu 2009 Shirika la Afya Duniani lina miongozo inayohusisha ukungu wa ndani na pumu. Mgeni analipia kikohozi.

Wazee wetu walichoma matumbawe, wakailaza chokaa shimoni miezi kadhaa, ndipo wakaigusa. Dari waliziweka juu, madirisha wakayaelekeza upepo. Hawakuwa na kipima unyevu, walikuwa na subira.

Mtaniambia saruji nayo ibanduliwe. Tatizo ni kwamba imeshaling'ata jiwe: ikitoka, itatoka na vipande vya ukuta. Chokaa ingebanduka peke yake.