Mtoto na Kapu la Maua

Picha ya mtu iliyoagizwa ina wenyewe watatu: mwenye kulipa, mwenye kuchora na mwenye kuchorwa. Yafaa tutazame mfano mmoja, tujue ni nani aliyeamuru na ni nani aliyetii.

Mwaka 1933 Philip de László, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi London, alimchora Binti Elizabeth wa Uingereza kwa agizo la jamaa yake. Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba. Amevaa gauni jepesi, naye ameshika kapu la maua. Nyuma yake hapana nyumba wala mti, ila rangi laini kama mawingu.

Watazamaji wengi husema wamwona malkia machoni mwa mtoto huyu. Hayo hayamo. Mwaka ule babu yake, George wa Tano, alikuwa angali akitawala, na waliomtangulia mtoto ni baba yake mkubwa Edward na baba yake mzazi. Hakuna aliyejua kwamba Edward angejiuzulu mwaka 1936, wala kwamba Elizabeth angepata habari ya kifo cha baba yake akiwa huku Kenya, Nyeri, Februari 1952. Mchoraji mwenyewe alikufa mwaka 1937. Umalkia twautia sisi. Mhakiki mwema hutenga kilichomo katika picha na kilichomo kichwani mwake.

Upungufu wa picha uko kwingine. Mtoto wa miaka saba hucheza, hununa, hupiga miayo. Hapa amekuwa ua miongoni mwa maua. Mwenye kulipa alitaka uzuri, fundi akautoa, mtoto akanyamaza. Kwetu Migori na Homa Bay mtoto huitwa Atieno kwa kuwa alizaliwa usiku, au Okoth kwa kuwa mvua ilinyesha. Jina hilo ni picha fupi, nayo haikupambwa.

Hata hivyo tusiibeze kazi hii. Mwaka 1936 mtaalamu Evans-Pritchard aliwapiga picha Wajaluo, na picha hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Waliopigwa hawakuziagiza, wala hawakuchagua mahali pa kuziweka. Jamaa ya Elizabeth ilichagua jinsi mtoto wao atakavyokumbukwa. Uwezo huo si jambo dogo.

Basi, ewe mwanafunzi, ukiona picha ya mtoto, uliza kwanza ni nani aliyeiagiza. Kisha rudi umtazame mtoto mwenyewe.