Uhakiki wa Istilahi: "Homa ya Ini" na Jamaa Zake

Istilahi ya sheria ikikosewa, mawakili hubishana; istilahi ya afya ikikosewa, mtu hurudi nyumbani akiamini kuwa amekingwa, kumbe hakukingwa. Kwa hiyo haitoshi kuzihakiki istilahi za maradhi kwa kuzilinganisha na asili zake za kigeni. Hapana budi tuulize pia: aliyeisikia istilahi hii atakwenda kufanya nini? Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilo kuhusu homa ya ini aina ya B, pamoja na maneno yanayofuatana nayo katika vipeperushi, kadi za kliniki na masomo ya shuleni.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Virusi vinavyojulikana zaidi kwa kulishambulia ini ni vya aina tano, navyo vimepewa herufi A, B, C, D na E. Vya A na E huenea hasa kwa maji na chakula kilichochafuka. Vya B huenea kwa damu na majimaji mengine ya mwilini: mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, wenzi huambukizana kwa kujamiiana, na wengine huambukizwa kwa sindano au nyembe zilizotumiwa na mtu mwingine. Havienei kwa kula sahani moja wala kwa kupeana mikono. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizo ya kudumu ya virusi vya B, na ni asilimia 13 tu kati yao waliokuwa wamepimwa na kuambiwa.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayoitia kasoro istilahi yetu. Kiswahili kina ukoo mzima wa maradhi yaliyojengwa juu ya neno "homa": homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo. Utaratibu huo ni mzuri, kwani humwonyesha msikilizaji kiungo kinachougua na dalili atakayoiona. Lakini katika homa ya ini aina ya B dalili hiyo mara nyingi haipo. Mtu aweza kukaa na virusi miaka ishirini au thelathini bila kuumwa, hadi ini linaposinyaa kwa makovu au kupata saratani. Aliyefundishwa na lugha yake kuingojea homa atangoja sana.

Kasoro ya pili ni ya ujirani. Tunayo "manjano", yaani dalili ya macho na ngozi kubadilika rangi. Tunayo "homa ya manjano", ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu. Kisha tunayo "homa ya ini", ambayo huweza kuleta hayo manjano. Ndugu yangu mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu, alishauriwa kuchanjwa dhidi ya homa ya ini. Alitoa kadi yake ya safari, ile ya rangi ya njano, akasema: "Homa hiyo nilikwisha chanjwa." Alikuwa amechanjwa homa ya manjano. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Maneno ndiyo yaliyompoteza. Wala si mara ya kwanza rangi hii kutuchanganya. Neno "safura", ambalo kwa asili yake ya Kiarabu lahusiana na manjano na nyongo, leo tunalitumia kwa maradhi ya minyoo yanayomaliza damu.

Tuje sasa kwenye vivumishi, ambako lawama ni yetu sisi wafasiri. Madaktari hugawa ugonjwa huu sehemu mbili: ule wa miezi sita ya mwanzo, na ule unaoendelea baada ya hapo. Vipeperushi vingi huita wa kwanza "homa ya ini kali" na wa pili "homa ya ini sugu". Nakiri kuwa mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo. Muuguzi aliyekitumia kipeperushi nilichokifasiri alinieleza matokeo yake. Msomaji akikuta "kali" hudhani hiyo ndiyo ya kuogopwa, hali watu wazima wengi wanaoambukizwa hupona wenyewe, na wanaobaki na virusi hawafiki asilimia 5. Kinyume chake, mtoto mchanga aliyeambukizwa hubaki navyo kwa kiasi cha asilimia 95. Na "sugu" je? Tangu tuanze kusema "malaria sugu" na "usugu wa dawa", neno hili limekuwa na maana ya kisichosikia dawa. Mama mmoja aliyeambiwa ana homa ya ini sugu aliacha kuhudhuria kliniki. Alisema, "Kama haisikii dawa, nauli ya nini?" Ukweli ni kwamba zipo dawa za kuvidhibiti virusi hivyo na kulilinda ini, ijapokuwa ni nadra kuviondoa kabisa. Tofauti iliyokusudiwa ni ya muda, si ya ukali wala ya ukaidi. Napendekeza basi tuseme "ya muda mfupi" na "ya kudumu".

Neno la kustaajabisha zaidi ni "kuchanja". Maana yake ya msingi ni kukata au kutia chale, na lilifaa sana zama za ndui, chanjo ilipotiwa kwa kuikwaruza ngozi. Lakini hadi leo mganga naye huchanja, na wembe wake ukipita kwa watu wengi waweza kuwa njia ya kuvipeleka virusi vya B kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Basi kitenzi kimoja chataja kinga na hatari yake pamoja! "Chanjo" tusiiguse, kwani imekwisha kukaa vyema vinywani mwa watu. Ila mwandishi anapotaja wembe aandike wazi "kuchanja chale", na anapotaja kinga aandike "kupata chanjo".

Herufi nayo yahitaji uangalifu. Shuleni A ni bora kuliko B; mwanafunzi aweza kudhani kuwa herufi hizi ni daraja za ukali. Tena kadi ikiandikwa "chanjo ya homa ya ini" bila herufi, mwenye kadi hujiona amekingwa na aina zote. Chanjo ya B humkinga mtu na B, na kwa kuwa D haiwezi kuishi bila B, humkinga na D pia. Haimkingi na C, ambayo bado haina chanjo. Iandikwe "aina ya B" kila mara.

Je, tuitupe "homa ya ini"? Wapo wanaopendelea "mchochota wa ini", nao wana hoja, kwa kuwa mchochota ndio hasa unaotokea. Hata hivyo, neno hilo bado halijatoka vitabuni kwenda kliniki. "Ugonjwa wa ini" nao ni mpana mno. Hata ini la mlevi huugua. Naona "homa ya ini aina ya B" ibaki, mradi inapotajwa mara ya kwanza ifuatwe na sentensi hii: "Ugonjwa huu waweza kuwamo mwilini bila homa wala manjano; hujulikana kwa kupimwa damu."

Jambo hili latuhusu sisi wenyewe. Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002, nayo hutolewa pamoja na kinga ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni kwa utaratibu huo. Mtu mzima hupimwa damu, na akionekana hana virusi huchomwa sindano tatu, kwa kawaida leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Ndugu yangu dereva amekwisha pata mbili. Kadi yake mpya imeandikwa "homa ya ini" tu, bila herufi; nimeiongeza kwa kalamu yangu.