Masanduku Mawili ya Garissa, Hesabu ya Maramba

Mtoto wa Maramba akitamani kitabu cha hadithi, ajue ana safari. Maktaba ya Mkoa iko Tanga mjini, katika jengo la enzi za mkoloni lililopewa jina la Mfalme George wa Sita. Kutoka huku chini ya Usambara ni nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na mtu mzima wa kumsindikiza. Akiazima, safari zinakuwa mbili, maana kitabu nacho lazima kirudi. Kwa hiyo tukisema mji mdogo unahitaji maktaba, mara moja tunarukia kiwanja, matofali na bati, na hapo ndipo shauri linapolala miaka kumi.

Mwaka 1996 kule Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, Huduma ya Maktaba ya Taifa haikusubiri bati. Njia ni za mchanga, wafugaji wanahama, gari linakwama. Wakachukua ngamia watatu: mmoja wa vitabu, mmoja wa hema, mmoja wa mazagazaga mengine. Picha zao zilizunguka dunia nzima, na mwaka 2007 Mmarekani Masha Hamilton akatoa riwaya iliyotokana na maktaba hiyo. Kisa chake kinasimama juu ya vitabu vilivyoazimwa visirudi, jambo linalonionyesha kwamba mama yule aliona fundo lilipo. Wengi wetu tuliishia kushangaa ngamia.

Tutazame mgongoni. Kuna masanduku mawili ya mbao, moja ubavu huu na jingine ubavu ule, kila moja lina vitabu kama 200. Uzito sharti ulingane, la sivyo matandiko yanapinda na mnyama anaumia. Wakifika shuleni hutandikwa mikeka, masanduku yanafunguliwa, na watoto wanachagua wenyewe. Hilo la kuchagua si dogo. Kitabu cha kiada mwalimu anakugawia, na pengine mnakisoma wanne, aliye pembeni akisoma maneno kichwa chini. Cha mkekani unakiokota kwa sababu kina picha ya fisi, na kwa wiki mbili ni chako.

Wiki mbili hizo ndizo zinazodai hesabu. Msafara ulitembea Jumatatu hadi Alhamisi, maana yake siku nane katika wiki mbili. Tuseme kituo kimoja kwa siku, na kila kituo kiazime vitabu 100. Hadi mzunguko unakwisha, vitabu 800 viko majumbani, na ngamia bado anatakiwa kuondoka na masanduku yaliyojaa. Basi nyuma ya vile 400 vinavyoonekana lazima kuwe na akiba inayofikisha jumla kama 1,200. Akiba hiyo ilikaa kwenye rafu za tawi la Garissa mjini. Msafara usio na rafu nyuma yake hufanya ziara moja nzuri, watu wakapiga picha, ukaishia hapo.

Na vitabu 1,200 vya Kiswahili vya watoto vitoke wapi? Hapa Tanzania tunalo jibu letu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, uliondoa hofu ya mchapishaji: chapa nakala 5,000, sisi tutanunua 3,000 tuzigawe mashuleni na maktabani, zinazobaki uza mwenyewe. Hasara ikawa imekingwa kabla mashine haijawashwa, na waandishi wetu wakapata sababu ya kuandikia watoto.

Sasa turudi barabara ya Mabokweni–Maramba–Bombo Mtoni. Ngamia hatuna, bodaboda tele. Maramba, Daluni na Mhinduro zinaweza kuingia katika mzunguko mmoja. Masanduku yawe ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, maana masika ya huku hayana huruma na karatasi. Awepo na msomaji mwenye sauti, kwa kuwa mtoto aliyekua na Kidigo au Kisambaa nyumbani hukipenda Kiswahili cha kitabuni kwanza kwa sikio. Dakika ishirini za hadithi kabla masanduku hayajafunguliwa zinatosha. Wenye kupanga programu ndefu za michezo na vyeti wanisamehe, ila mtoto amekuja kwa fisi.

Kinachotisha zaidi ni kuvunja tarehe. Watoto wakingoja Jumanne na bodaboda ikaja Ijumaa, mara mbili tu, vitabu vitageuka vifuniko vya mitungi, wala sitawalaumu.

Kwa hiyo ombi langu kwa Halmashauri ya Mkinga na walimu wakuu wa huku ni dogo. Kabla ya kutafuta kiwanja, tafuteni chumba kimoja chenye kufuli na rafu, daftari la kuazimia, muhuri wa tarehe, na mtu wa kulipwa ambaye kazi yake ni kurudi siku aliyosema.