Breki Iliyokamata na Namna ya Kumjua Fundi Wake

Watu wengi wapelekapo baiskeli kwa fundi kwa ajili ya breki iliyokamata, huihukumu kazi yake kwa jambo moja tu, kwamba gurudumu sasa lazunguka. Na hukumu hiyo, ijapokuwa yaelekea kuwa ya insafu, ndiyo iwapatiayo mafundi hafifu riziki yao, maana hakuna lililo jepesi kama kulifanya gurudumu lizunguke: hulegezwa nati moja, raba zikakaa mbali na ringi, na mwenye baiskeli akaondoka akishukuru mpaka afike kwenye mteremko. Breki njema hupimwa kwa kurudi kwake. Kushika hutokana na nguvu za mkono wa mpandaji. Kuachia ni kazi ya breki yenyewe, na hapo ndipo ustadi wa fundi udhihirikapo.

Nasema hasa juu ya breki za vyuma, zile za baiskeli kubwa za magurudumu ya inchi 28, kama Raleigh za Nottingham, Phoenix za Shanghai na Hero za Ludhiana, zilizobeba nazi, samaki na wanafunzi wasiohesabika. Ndani yake hamna waya: mkono ulio chini ya usukani huvuta chuma, nacho huvuta chuma kingine, hata mwisho wa safari kipande kilichopindwa mfano wa kwato ya farasi kikavutwa, na raba zake mbili zikaikandamiza ringi kwa upande wa ndani, ule uelekeao ekseli. Kila kiungo cha njia hiyo chaweza kushika kutu, na hewa ya chumvi ya Unguja au Tanga haina huruma kwa chuma kilichokosa mafuta.

Basi mtazame fundi kabla hajashika spana. Aliye hodari huinua gurudumu, akalizungusha, akaibana breki, kisha akaiachia polepole huku jicho lake likifuata vyuma wala si gurudumu; na akiona uzito katika kurudi, hufungua kiungo kimoja cha katikati na kujaribu kila upande peke yake kwa vidole. Ukiwa uzito uko juu, dosari i katika vishikizo vya chini ya usukani. Ukiwa uko chini, hutazama ncha za kwato pale zipitapo katika vishikilio vya uma, na aghalabu huona mstari mwembamba unaong'aa, uliosuguliwa mpaka nikeli ikatoka, ambao ni ithibati kwamba chuma kimepinda au kishikilio kimeteleza mahali pake. Fundi asiyeutafuta mstari huo hukimbilia nyundo.

Katika mafuta pia tabia ya mtu hujulikana. Mwenye maarifa huosha kwanza grisi iliyoganda kwa mafuta ya taa, akapangusa, kisha akatia tone moja moja la mafuta ya cherehani penye viungo, na kwa hadhari kubwa asiichafue ringi wala raba. Ambaye humimina mafuta machafu ya injini juu ya vyuma vyote, breki yake itateleza leo na kukamata tena kesho, kwa kuwa vumbi la barabara litakuwa limepata makao. Kuhusu springi sina mengi: iliyochoka hubadilishwa. Wapo wafungao ukanda wa mpira wa ndani ili uurudishe mkono wa breki, na kwa muda mfupi hufaa, illa jua huula mpira huo mapema. Raba zilizokatwa kutoka tairi kuukuu la gari sizidharau, mradi ziwe zimechongwa sawasawa na unene wake usizidi zile za asili. Zilizozidi huigusa ringi daima, na hapo hakuna mafuta yawezayo kusaidia.

Breki ya waya ina njia fupi zaidi. Waya hukwama ndani ya ala yake kwa kutu, kwa kukunjika, au kwa uzi mmoja uliokatika na kujipinda karibu na mkono. Fundi huuvuta nje wote akautazama, na ukiwa umechanika hauokolewi kwa mafuta, hutupwa.

Lakini ipo hila moja ya breki ya nyuma ambayo huwatenganisha wajuzi na wanaobahatisha. Kwato ya nyuma hukaa karibu na pedali, na raba zake hukabili sehemu ya mbele ya ringi kwa ndani. Mnyororo ukilegea, mwenye baiskeli hulivuta gurudumu nyuma ili aukaze, na kwa kulivuta huisogeza ringi kuzielekea raba. Hivyo breki iliyokuwa salama asubuhi yakamata jioni bila ya kutu, bila ya kupinda, wala springi kuchoka. Anayebahatisha atafungua vishikizo vyote, atavisugua kwa msasa na kudai ujira wa kazi ya nusu siku. Mjuzi atarekebisha urefu wa chuma kimoja, akaikaza nati yake, akamaliza. Ukimpata fundi ambaye swali lake la kwanza ni, “Bwana, mnyororo huu umeukaza lini?” mwachie baiskeli, nawe uende zako sokoni.