Kompyuta, Sataranji na Bao Lisiloandikwa

Siku hizi ukikaa kijiweni, iwe Sumbawanga mjini au huku kwetu Mwazye, hukosi kumsikia mtu akidai kwamba kompyuta imeshammaliza binadamu katika kila mchezo wa akili. Sisi tunaojifunza kuandika haifai tulimeze neno hilo zimazima. Tuulize kwanza: imemshinda nani, lini, na nani aliandika?

Tuanze na sataranji. Mwaka 1996 Garry Kasparov, bingwa wa dunia, aliishinda kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue kwa pointi 4 kwa 2. Mei 1997, New York, mashine ikarudi ikamlaza 3.5 kwa 2.5. Ilikuwa inapima hali milioni 200 za ubaoni kwa sekunde moja. Kasparov akaomba marudiano, IBM wakakataa. Hapo ubishi ulikuwa halali, maana michezo 6 ni michache, na mtu aliyetishika hachezi mchezo wake.

Ubishi huo umekwisha. Mwaka 2006 huko Bonn, bingwa Vladimir Kramnik hakuona kwamba mfalme wake angenaswa kwa hatua moja tu. Pambano zima akafungwa na Deep Fritz 4 kwa 2. Mwaka 2009 Pocket Fritz 4, programu ya kwenye simu, ilichukua mashindano ya Buenos Aires kwa pointi 9.5 kati ya 10. Anayesema leo kwamba bingwa wa sataranji analingana na programu bora anajifurahisha.

Tunajuaje? Kwa sababu kila hatua iliandikwa. Kosa la Kramnik hata mwanafunzi anaweza kulipanga ubaoni leo akaliona kwa macho yake.

Sasa njoo kwenye bao letu: mashimo 32, kete 64. Programu za bao zipo, na ikikufunga wewe au mimi si ajabu. Je, inamfikia fundi wa Zanzibar? Hapo kelele za kijiweni hazisaidii. Inatakiwa michezo ya fundi mwenyewe, tangu namu mpaka mtaji, iwe imeandikwa kete kwa kete. Mmoja wa waliokwenda kuuchunguza ufundi huo kwa makini ni Mholanzi, Alex de Voogt. Tasnifu yake ilitoka Leiden mwaka 1995, tena kwa Kiingereza. Sisi wenye lugha tulikuwa wapi?

Na hapa lawama inatuhusu, waandishi wenzangu. Katika hadithi zetu mzee wa bao ni pambo tu. Anakohoa, anacheka, anakula kete, basi, tunahamia kwenye mapenzi. Msomaji haambiwi mzee alimtega vipi mwenzake, wala kwa nini aliilinda nyumba yake muda wote ule. Tunasifu akili yake bila kuionyesha. Halafu tunashangaa vijana wakiamini akili imehamia kwenye simu!

Kesho ukipita wanapocheza, beba daftari. Omba ruhusa, kaa upande. Hesabu mashimo kutoka kushoto, andika alianzia lipi, kete ziliishia wapi, alikula ngapi. Mchezo ukiisha muulize alikuwa anafikiri nini. Mhariri akikataa kuichapa, itunze.